Nilikuwa Kinywa ya Mama Honorable

Vijana wangu, juzi mulikuja hapa kwangu wane, na telefone ine zote zinarekodi, mukaniuliza nilifanyaka kazi gani mbele ya retraite, mbele sijastaafu. Niliwajibu kwa kifupi, mukaenda na njaa. Leo nawaandikia yote, juu ile siku bibi yangu, muke wangu, alikuwa amekaa karibu na sikutaka asikie tena sapo, ile hadisi yangu ya kuku.

Kwanza hii neno retraite. Niko na miaka quarante-trois, arobaini na tatu tu, meno yangu yote iko, isipokuwa moja, na ile moja niliiacha Birere mu ugomvi ya motari, wale wa kubeba watu na pikipiki. Lakini mimi kazi yangu ilikuwaka kinywa ya mutu mwingine, na yule mutu akiacha kusema, kinywa nayo inapumuzika. Njo namna nilikuwa retraité. Wazee wa avenue, wa mutaa wetu, wananisalimia sawa mwenzao na mimi nanyamaza, juu inanipatiaka kiti kwenye mikutano.

Kazi yenyewe ni hii: miaka douze, kumi na mbili, nilikuwa mutafsiri wa Mama Léontine, deputé, mbunge wa provinsi, mwenye watu walimuitaka Mama Honorable tu. Yeye njo alipigania kiluga chetu, Kinyanga, kiingie mu santre ya afya, mu tribinali ya chefferie, ile ya mwami, na mu masomo ya watoto wadogo. Sisi Wanyanga wa Walikale tuko wachache mu hii provinsi. Hapa Goma njo kabisa. Mutoto anazaliwa Ndosho, anasikia Kiswahili, anasikia Kinyarwanda ya majirani, Kinande ya wale wa duka, Lingala ya muziki, Kifaransa ya masomo, na Kinyanga anaisikia tu siku koko yake, mama ya mama yake, anagombeza mutu. Anakomala akidhani ni lugha ya hasira.

Namna gani nilipata kazi? Nilitukana mutu. Nilikuwa motari Birere, na siku moja mutu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alinikata barabara na mizigo yake ya makala, akanikwangua muguu. Nikamutukana kwa Kinyanga, juu Kinyanga njo lugha ya muzuri ya kutukana Birere, hakuna mwenye atakupiga. Ilikuwa tukano ndefu, inaanza kwa baba yake na inaishia ku masikio. Mama mwenye nilikuwa nimebeba nyuma akaanza kucheka. Nikasikia haya mpaka ku magoti. Nikamuuliza, "Mama, kumbe ulisikia?"

Akasema, "Nilisikia sauti tu, maneno hapana. Lakini mama yangu alikuwaka ananigombeza na ile sauti yenyewe."

Alikuwa Mama Léontine, ametoka kuchaguliwa. Aliniuliza nani alinifundisha, nikamwambia ni koko yangu mwenye alinilea kule Walikale mpaka nikamaliza sixième primaire. Lundi, siku ya kwanza ya kazi, nikaingia mu biro yake. Wengine wote mule walikuwa na licence, digri ya université, mimi nilikuwa na certificat ya primaire mu plastike, juu ya mvua. Walinipatia jina ya kazi ndefu sana mu Kifaransa, mpaka leo sijamaliza kuisoma.

Sasa muelewe vizuri hii jambo, juu yote inatokea hapo. Deputé mwenye alikuwa anapigania Kinyanga hakujua Kinyanga. Alijua salamu. Alijua asante. Alijua kukatala chakula bila kuvunjia mutu heshima. Kiisha hapo, kimya. Baba yake alikuwa mwalimu, alikatazaka Kinyanga mu nyumba ili watoto wapate Kifaransa ya muzuri, na kweli Kifaransa walipata. Mama yake alikuwa anajificha ku jiko njo aiseme na wadada zake. Basi Mama Honorable alikuwa anaelewa hii lugha sawa vile mutu anaelewa harufu ya chakula yenye hajakula.

Hiyo siri tulikuwa nayo wawili. Kama ingetoka, wapinzani wake wangemucheka mpaka mu radio, na ile sheria yake ingekufa siku ile ile. Njo maana kazi yangu haikuwaka kutafsiri tu. Ilikuwaka kutafsiri na kuficha.

Kuficha iko na ufundi yake. Naweza kuwafundisha bure. Simama upande wa kushoto wa honorable, nusu hatua nyuma, kinywa yako karibu na sikio yake. Anaanza na salamu ya Kinyanga kwa nguvu, watu wanapiga mikono, kiisha anasema Kiswahili "juu ya wageni wetu wenye tuko nao hapa." Kila fasi, kila mahali tunaenda, lazima kuwe mugeni. Kama hakuna mugeni, chauffeur, dereva wa gari, njo mugeni. Chauffeur wetu alikuwa Munande wa Butembo, mutu wa kanisa, alikaa mugeni miaka douze na hakujua kwa nini watu wanamupatiaka kiti ya mbele. Muzee akimukaribia honorable anataka kuongea naye, wewe ingia katikati, ushike muzee mikono yote mbili, umuulize habari ya magoti yake. Muzee akiulizwa juu ya magoti, mukutano unaweza kuisha.

Na nilikuwaka napamba. Hapo njo kosa yangu ilikuwa, musinifuate. Mutu anasema neno kavu, mimi naitia mafuta. Mutu anatukana, mimi naifanya maombi. Nilikuwa nafikiri ni akili.

Basi tulifika mu kijiji moja kule Walikale, matope mpaka ku mulango ya gari. Muzee moja akatoka mbele ya watu wote na akasema kwa Kinyanga, bila salamu: "Mwambie huyu mama gari yake imeniulia kuku, na ilikuwa kuku ya mayai." Mimi niliona siku itaharibika. Nikamwambia Mama Honorable ku sikio: "Muzee anasema kufika kwako kumemupatia furaha sana." Mama akashuka, akamukumbatia muzee, akamwambia mbele ya watu: "Asante, Papa. Nitarudia kufanya vile kila mwaka."

Sasa mimi niko na wazee kijiji muzima wananiangalia, wanangoja nitafsiri. Nilitafsiri nini? Nilikohoa. Nilikohoa mpaka mama moja akaniletea maji. Yule muzee alifuata gari yetu na kuku mukononi, imekufa, mpaka kijiji ya pili, kwa miguu, na pale njo Papa Anselme alimukuta.

Papa Anselme alikuwa katekista wa zamani. Alitafsiriaka mapadri wa Wazungu wakati mimi sijazaliwa. Alisikiliza muzee, akamupatia kuku yake mwenyewe, kiisha akaniita nyuma ya kanisa. Nilidhani atanipiga. Akaniuliza tu: "Wewe, unaitwa nani?"

"Bahati, Papa."

"Bahati, leo kulikuwa watu wangapi pale katikati?"

"Wawili, Papa. Muzee na Mama Honorable."

"Walikuwa watatu. Huyu wa tatu njo aliharibu."

Papa Anselme alinifundisha kazi kwa siku mbili, akipepeta mupunga. Usiseme "anasema kwamba." Sema "mimi." Mutu akisema niko na njaa, wewe sema niko na njaa. Mimi nilicheka, lakini nilifuata, na njo maana nimekuwa mu hii provinsi mujane, mufungwa, mwami, na mama wa mapacha. Siku moja mu santre ya afya nilimwambia muganga mbele ya watu wote, "Mimba yangu iko ya miezi saba na haitembei," na mumama mwenye alikuwa anaingia akarudi nje kungoja kwanza.

Papa Anselme alinifundisha tena kuangalia mikono ya mwenye anasema, si kinywa. Na kungoja. Watu wakicheka, ngoja. Wakinyamaza, ngoja zaidi. Lakini jambo yake ya kwanza, ile ya kutoongeza, niliipokea na sikio moja. Nilipunguza mafuta, sikuacha. Nilikuwa kijana na watu walinipenda. Mama Honorable aliona. Mara moja moja alikuwa ananiangalia tu kando ya jicho, kama mutu anapima nguo yenye hajui kama itamutosha.

Tufike sasa ku ile édit. Édit ni sheria ya provinsi, Assemblée, bunge yetu, njo inaipiga kura. Yake ilikuwa inasema: fasi yenye watu wanasema kiluga chao, lazima kuwe mutu wa kutafsiri, kwa muganga, kwa tribinali, kwa masomo ya kwanza. Si Kinyanga tu. Hata Kihunde, hata Kikumu, hata ya Watwa. Ilibaki mu biro miaka na miaka. Kulikuwa na honorable mwenzake moja, mutu wa manukato, mwenye alikuwa anasimama kila mara na kusema ile ile: "Mu hii provinsi, nani asiyeelewa Kiswahili? Munionyeshe hata moja." Na watu wanacheka, juu hakuna mwenye anaweza kuleta asiyeelewa Kiswahili mu Assemblée na kumuuliza kwa Kiswahili.

Ili édit irudi ku meza, Mama alihitaji barua yenye machefu wote wa kwetu wametia sahihi. Alipata wote isipokuwa mwami moja, muzee, mwenye vita ilimuleta Goma na watu wake. Alikuwa anakaa Ndosho, mu nyumba ya mbao, na mu kiwanja yake hakuna hata udongo, ni mawe ya volkano tupu. Mwami alituma neno: nitasaini kama huyu mama atakuja yeye mwenyewe tuongee. Kiisha, mbele hatujaenda, dada yake mukubwa akafariki. Akasema: basi muje ku kilio, tutamaliza pale pale.

Mimi njo nilisema ndiyo. Na mimi njo nilijua desturi, juu nililelewa nayo. Kwetu, ku kilio, mugeni haingii kukaa hivi hivi. Anasimama pale mbele ya wamama wazee, anajisemea kwa kinywa yake mwenyewe: mimi ni nani, nani alinizaa, na nini imenileta kulia. Hakuna kutuma mutu. Wanasema marehemu fasi anaenda hana mutafsiri, anataka kusikia sauti ya kila mutu ili amujue. Kwa Kinyanga, bila shaka. Marehemu hakusomaka Kifaransa.

Mama aliniuliza mu gari, "Bahati, hawataniomba niseme?"

Nikamujibu, "Mama, tuko Goma hapa. Ile desturi ilishabaki mu pori." Nilijibu vile juu nilikuwa nataka iwe vile. Muandike hii mu telefone zenu: mutafsiri mwenye anajibu kile anapenda ni mubaya kuliko mwenye hajui lugha.

Tulifika saa ine ya asubui. Bâche, turubai ya bluu, viti ya plastike, wababa upande moja, mwami mu kiti ya mbao, na ku mulango ya bâche wamama wazee watano wamekaa chini ku mikeka. Wa katikati alikuwa Koko Matilda, rafiki wa marehemu, mudogo wa mwili, macho sawa ya mutu mwenye anahesabu mbuzi zake. Nikajua hapo hapo kwamba desturi haikubaki mu pori. Ilipanda gari pamoja nao.

Nikatangulia, nusu hatua, nikaanza: "Wamama zetu, huyu ni..."

Koko Matilda aliinua mukono moja. "Wewe tunakujua. Unasemaka kila siku. Kaa."

Nikakaa. Vijana, sijakaaka chini kwa haraka vile.

Mama Honorable akabaki pale mbele peke yake, amevaa kikwembe nyeusi, mikono imeshikana. Akatoa salamu ya Kinyanga. Wamama wakaitikia. Akasema jina yake na jina ya mama yake, hiyo tulikuwa tumefundishana. Kiisha akanyamaza. Wamama wakangoja. Wababa wakageuka kuangalia. Nilikuwa naona kazi ya miaka yote, barua, édit, mikutano, matope, vyote vimesimama pale juu ya jiwe moja ya volkano, na mimi mwenye kinywa kubwa nimekaa chini sawa mutoto wa masomo. Nilitafuta kikohozi. Hata kikohozi ilikataa kuja.

Hapo Mama akasema neno moja ya Kinyanga yenye sijamufundisha. Ilikuwa fupi. Alisema polepole, sauti ya kigeni lakini kila kitu fasi yake, sawa vile mutu anabeba yai. Kiisha akarudilia. Na sauti yenye alisemea haikuwa ya kwake, ilikuwa ya mutu muzee, mwenye amechoka.

Wamama wakaangaliana. Moja akajifunika kinywa na kikwembe. Hakuna mwenye alilia, njo kitu kiliniogopesha.

Mama Honorable akanigeukia. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, bâche muzima inasikia: "Bahati, nimesema nini?"

Siri ikatoka hivyo. Nilisikia viti ya plastike ya wababa inalia. Mutu moja akasema, kumbe hajui. Mama hakuangalia kule.

Akaendelea, ananiangalia mimi, lakini anaambia wamama. Akasema mama yake alifia hapa Goma, mu hospitali moja, imepita miaka tisa, mbele hatujajuana. Mu siku za mwisho Kiswahili ilimutoka kichwani, ikabaki Kinyanga tu. Waganga waliandika kwamba anasema ovyo. Alikuwa anarudilia ile neno moja, siku tatu, usiku na muchana. "Mimi nilidhani anaomba Mungu," Mama akasema. "Nilikuwa namushika mukono, namuitikia amina. Niliita hata padri. Nilishika ile neno mu kichwa ili nisiipoteze. Niko nayo miaka tisa."

Nikamuuliza, na sikujua kama nilikuwa na ruhusa ya kuuliza: "Mama, miaka yote hii niko kando yako. Kwa nini hukuniuliza?"

"Juu unapambaka, Bahati. Nilijua utanipatia kitu ya muzuri."

Wapendwa, nimetukanwa Birere, nimetukanwa na machauffeur wa malori ya Beni, nimetukanwa na bibi yangu. Hakuna tukano imeniingia sawa ile, na haikuwa hata tukano.

Na mujue, ile kitu ya muzuri nilikuwa nayo tayari. Ilikuwa imefika ku ulimi mbele sijafikiri: Mutoto wangu, Mungu akubariki. Nani angenikatalia? Wale wababa kule mbali hawakusikia vizuri. Wamama wangenyamaza kwa huruma. Mama angelia, angepona, mwami angesaini. Koko Matilda alikuwa ananiangalia. Hakutingisha kichwa, hakufanya kitu. Aliniangalia mikono. Na mimi nikaangalia ya kwake, na ilikuwa imetulia juu ya magoti yake, inangoja.

Nikasimama. Nikasema vile Papa Anselme alinifundisha, kwa "mimi":

"Munigeuze. Huu upande unaniuma."

Mama akaniuliza, "Njo ile tu?"

"Njo ile tu, Mama."

"Siku tatu?"

Ile haikuwa swali yangu.

Hakuanguka, hakupiga kelele. Aliinamisha kichwa akabaki vile, na nikaona mukono yake ya kuume inatembea kidogo mu hewa, kama inatafuta bega ya mutu. Koko Matilda akasukuma muzee mwenzake ku mukeka, akafanya nafasi. Akasema, "Umejisemea na kinywa yako. Kuja ukae." Akamuvuta kikwembe, akamukalisha chini karibu naye, na pale njo wamama wakaanza kulia, wote, kwa nguvu, na sikuweza kujua wanalilia marehemu gani.

Mwami alisaini mbele ya saa sita. Lakini alirudisha barua kwanza, akasema kwa Kinyanga, na nikatafsiri neno kwa neno: "Hapa mumeandika tribinali mbele, kiisha masomo, kiisha muganga. Muandike muganga mbele. Mutu mwenye kesi anaweza kungoja." Mama akachukua kalamu yake mwenyewe, akakata mustari, akaandika upya juu ya goti.

Kuna mwenye ataniuliza kama wapinzani hawakutumia ile siri. Walitumia. Juma ile ile ilikuwa mu radio: Mama wa Kinyanga hajui Kinyanga. Yeye akaenda mu radio ile ile akasema, ndiyo, ni kweli, njo maana napigana. Mwenye anaijua hanihitaji. Hapo hawakujua tena wamucheke namna gani.

Siku ya Assemblée nilikuwa juu, fasi ya watu wa kuangalia, na huko juu hairuhusiwi kusema, hata kukohoa wanakuangalia vibaya. Mama akapanda ku mikro. Hakuweka salamu, hakuweka "Honorables wapenzi." Akasema ile neno ya Kinyanga. Akanyamaza. Akaisema tena. Yule mutu wa manukato akasimama, akasema kwa heshima, "Honorable, tunaomba Kifaransa ao Kiswahili." Akaisema mara ya tatu. Sasa wakaanza kugonga meza. Rais wa kikao akashika nyundo. Mutu moja akapiga kelele kwamba wanapotezewa wakati.

Mama akangoja wanyamaze, alijua kungoja kuliko mimi.

"Nimerudilia mara tatu," akasema, "na mumekasirika. Mama yangu alirudilia siku tatu. Honorable mwenzangu aliomba tumuonyeshe hata moja asiyeelewa. Leo nimewaonyesha wote, mumekaa hapa." Kiisha akawaambia maana yake, maneno ine tu, akashuka.

Kura zilipita. Si zote, yule wa manukato alikatala mpaka mwisho, lakini nilimuona anafuta miwani.

Musifikiri dunia iligeuka. Édit ilifanya kazi mu santre ine, tano, kule mutu alikuwa na roho. Mimi nilifundisha wale watafsiri wa kwanza, wadada karibu wote, na walikuwa wazuri kuliko mimi, juu hawakuwa na kiburi ya mikro. Ku uchaguzi wenye ulifuata Mama alianguka. Watu wetu wenyewe walisema: huyu ametupatia lugha, lakini barabara iko wapi? Na barabara kweli haikuwepo. Kiisha yakaja haya ya bunduki yenye munaona siku hizi, Assemblée haikai tena pale, biro yetu sijui nani iko ndani. Yeye yuko muzima, ananipigiaka simu. Papa Anselme hayuko tena. Mimi nauza simu za zamani na kulalamika, kazi ya retraité.

Lakini hamukuniuliza juu ya siasa. Muliniuliza kazi yangu ilikuwaka nini, na nataka niwaambie siku yenye niliifanya muzuri kuliko zote, na haikuwa ku kilio, na haikuwa mu Assemblée.

Ilikuwa ile siku ya kura, muchana, mu gari. Chauffeur alikuwa ameenda kuombea ndugu yake kanisani, basi mimi njo nilikuwa naendesha. Mama alikaa mbele, viatu mukononi. Watu walikuwa wanapiga simu kumupongeza, akazima telefone. Tulifika ku rond-point, ile muzunguko ya barabara, chukudu zimejaa, nikasimama. Akaniuliza bila kuniangalia:

"Mutu akikuambia vile, nigeuze, huu upande unaniuma. Kwa Kinyanga, unamujibu namna gani?"

Nikamwambia. Iko jibu ya kawaida, kila mutoto wa kwetu anaijua, unamujibu koko yako kila asubui: Ndiyo mama, nakugeuza, polepole.

Akajaribu. Ilitoka mubaya. Nikamurekebisha, kazi ni kazi, hata kama mutu analia. Akajaribu tena. Mwanzo ilikuwa muzuri, mwisho ilipanda fasi inapashwa kushuka. Nikamwambia, Mama, shusha. Akashusha. Tulipita masoko, tulipita ile avenue ya mawe yenye inavunjaka gari, na kila mara gari inaruka ile neno inamukatika, anaanza upya. Himbi, karibu na kwake, nikaendesha sawa mutu wa mazishi ili apate wakati. Sikumusifu na sikumudanganya. Nilimwambia tu, tena. Na tena.

Mbele ya mulango yake alisema mara moja, mustari wote, bila kosa, sauti ikishuka fasi inashuka. Nilizima gari.

Kiisha akavaa viatu, akashuka, akafunga mulango ya gari polepole sana, sawa vile kuna mutu mwenye amelala mule ndani.